Siku Babu Kasimu Alipolala Mlangoni

Katika mji wa Kasongo, kule Kongo, msichana akiulizwa jambo kubwa mbele ya wazee hajibu. Hutazama mkeka, huvuta ushungi hadi usoni, hunyamaza, na papo hapo shangazi mmoja hupiga kigelegele na mambo yakawa yamekwisha. Hiyo ni sheria ya ndoa na haina ubaya wake, maana msichana asiyemtaka mtu huanza kulia mapema, mama yake akajua, na shauri likamalizwa jikoni kabla halijafika barazani. Tatizo ni kwamba sheria ikizoeleka mno, watu huitumia hata mahali isipohusika. Ndivyo Amisa binti Zuberi alivyojikuta, mwaka wa hamsini na saba, ameposwa na shule asiyoitaka.

Zuberi, baba yake, alikuwa na duka la vitambaa na chumvi karibu na msikiti. Alikuwa mtu mwema, mwenye sauti kubwa na haraka ya kukasirika. Amisa alipomaliza darasa la mwisho katika shule ya Leta, yaani ile ya serikali, akawa msichana wa kwanza wa Kiislamu katika mtaa ule kufika huko, na baba yake akaona kila mnunuzi anastahili kuelezwa habari hiyo. Mtu alikuja kutaka chumvi, akaondoka na chumvi na habari za Amisa.

Ndipo mwalimu Placide, Mkristo kutoka eneo la Wamaza aliyemfundisha Amisa, akaja nyumbani na shauri. Kulikuwa na shule mbili kule Bukavu, na kila moja ilikuwa na nafasi ya msichana mmoja kutoka Kasongo. Moja ilifundisha ualimu. Ya pili ilikuwa ubavuni mwa hospitali, ikifundisha ukunga. Placide mwenyewe angempeleka msichana huyo pamoja na wanafunzi wengine, na yeye ndiye angetaja kule ni shule ipi iliyochaguliwa.

Amisa alikuwa nyuma ya pazia, akisikia yote. Baba yake naye alisikia yote, ila neno ukunga liliingia sikio hili likatokea lile. Mwanamwali hatazami uzazi. Jambo hilo kwao halikuhitaji hata kusemwa, na Zuberi hakulisema. Alimshukuru mwalimu, akaenda kuwaita ndugu zake.

Kitu ambacho Zuberi hakukijua ni kwamba binti yake alikuwa amekwisha kutazama uzazi, tena kwa karibu sana. Msimu wa mvua uliopita alikuwa Kabambare kwa shangazi yake Fatuma, aliyekuwa mjamzito. Uchungu ulipoanza walikwenda nyumba ya kujifungulia, na huko walimkuta mkunga mmoja kijana jina lake Émérance, mikono ya gauni ameikunja, anaimba nyimbo za kanisani huku akiwagombeza waume kupitia dirishani. Siku ile wanawake wa kujifungua walikuwa wengi na mikono michache. Émérance alimtuma Amisa maji ya moto, kisha kitambaa, kisha akamwita ndani kabisa, akamwambia anawe mpaka viwiko na asimame hapa. Mtoto akaja. Alikuja na hasira, uso umekunjamana, na kabla hajalia alipiga chafya. Amisa, ambaye ndiye alikuwa amemshika, alicheka mpaka machozi yakamtoka, na Fatuma pale kitandani, hoi kama alivyokuwa, akacheka naye.

Tangu siku ile alijua. Hakuota ndoto wala hakuona nuru yoyote. Alijua tu, kama mtu anavyojua kwamba ana njaa. Ualimu alikuwa ameuonja: Placide alimpa mara kwa mara watoto wadogo awafundishe kuhesabu, na Amisa alipiga miayo kuliko watoto wenyewe. Lakini Fatuma alikuwa amemsihi, kwa jina la Mungu, asiseme nyumbani alichokiona, kwa hiyo hakusema.

Basi wazee wakakaa barazani. Zuberi akamwita Amisa, akamwuliza mbele ya amu zake na shangazi zake kama anakubali kwenda Bukavu kujifunza ualimu. Moyo wa Amisa ulisema hapana. Ulimi ukatafuta namna ya kuisema hapana hiyo mbele ya watu wazima wote wale bila kumvua baba yake nguo, na wakati ulimi ukitafuta, macho yalikuwa yamekwisha kushuka kwenye mkeka. Akanyamaza. Kigelegele kikalia. Pilau ikapikwa siku hiyo hiyo, majirani wakala, na mama yake, aliyeitwa Binti, akalia kwa furaha juu ya sufuria. Amisa naye alilia, na kila mtu akaona ni mtoto mwenye adabu.

Siku zilizofuata alijaribu kusema. Akimfuata baba yake dukani, anamkuta akimweleza mteja kwamba Mwenyezi Mungu amempa mwalimu. Akimfuata mama yake jikoni, anamkuta akimpimia gauni la safari. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yalikuwa yamemwagika yakanywewa. Alikasirika, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwa mtu mwingine.

Alibaki mtu mmoja, naye ni Babu Kasimu, baba yake Zuberi. Msidhani nataka kuwaletea mzee wa hekima. Babu Kasimu alikuwa mzee wa mzaha, aliyekaa kutwa kwenye ubaraza wa duka akicheza bao na kuiba kete. Tangu Amisa azaliwe alimwita mke wake, kama mababu wa kwao wote wanavyowaita wajukuu, na Amisa alimwita bwana yake. Mke akileta kahawa, bwana analalamika kuwa imepoa. Mke akichelewa, bwana anatishia kuoa mwingine. Katika utani huo mtu anaweza kusema lolote na haliwi tusi, na kuna siku moja utani huo huwa na nguvu ya sheria: siku mjukuu anapotoka nyumbani. Hapo babu, kama mume anayenyang'anywa, huzuia mlango, na hapishi mpaka aridhishwe. Anayekasirika mbele ya mlango uliozuiwa analipa mbuzi. Mwaka uliotangulia, kwenye harusi ya Aziza, dada mkubwa wa Amisa, amu wa bwana harusi alikasirika, na mbuzi wake alikuwa mtamu.

Amisa alimpelekea babu kahawa adhuhuri, mwenzake wa bao alipokwenda kuswali.

“Bwana yangu, niko na mashitaka.”

“Shitaki. Lakini usitikise ubao, ndiyo naanza kushinda.”

“Siku ile waliniuliza, nikanyamaza.”

“Nilisikia. Pilau yake nilikula mara mbili.”

“Nilinyamaza kwa sababu sitaki.”

Mkono wa babu uliokuwa ukielekea kwenye kete za mwenzake ukasimama hewani, na kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za ubaraza ule, alisahau kuiba. Akamwuliza anataka nini basi. Amisa akamweleza yote, Kabambare na Émérance na mtoto aliyepiga chafya. Babu alicheka mpaka kofia ikaanguka. Kisha akaiokota, akaivaa, na hakucheka tena. Aliuliza kama Zuberi anajua. Amisa akasema hajui. Akimwambia mbele ya watu ni kumwaibisha, akimwambia pembeni atajibiwa kwamba alikwisha kukubali.

Babu alikunywa kahawa yake polepole, akalalamika kuwa imepoa. Halafu akamwambia aende akafunge mzigo wake kama kawaida. Siku ya kuondoka, yeye mume wake angemwuliza neno moja, na alimtaka ajibu kwa kinywa, kwa sauti ya kufika kwenye lori.

“Ukitazama mukeka tena,” akasema, “nitakuacha talaka tatu.”

Siku ya safari lori lilisimama upande wa soko, limejaa magunia ya mchele na watu juu yake. Placide alikuja mpaka uani kumchukua msichana. Zuberi alikuwa amevaa kanzu mpya, ndugu wamejaa, sanduku la Amisa limefungwa kamba. Na pale mlangoni, kichwa kwenye mwimo huu na miguu kwenye mwimo ule, fimbo kifuani, alikuwa amelala Babu Kasimu. Amisa na sanduku lake walikuwa ndani, dunia nzima ikiwa nje.

Watu walipiga makofi na kucheka, maana mchezo wanaujua. Zuberi naye alikuwa amejiandaa. Akatoa tumbaku nzuri. Babu akainusa, akaitia mfukoni, akaendelea kulala. Zuberi akatoa kofia ya darizi. Babu akaijaribu, ikamkaa vizuri, akaendelea kulala. Lori likapiga honi. Mshipa ukamsimama Zuberi kwenye paji la uso.

“Mbuzi, baba Aziza,” Binti akamkumbusha mumewe kwa sauti ndogo.

Zuberi akatabasamu, tabasamu la mtu anayeumwa jino. Akamwuliza baba yake anataka nini.

“Muke yangu anaolewa na masomo,” babu akasema kutoka chini, “na mimi sikusikia akiulizwa vizuri. Mwalimu, wachumba walikuwa wangapi?”

Placide aliangalia huku na huku. Alikuwa mgeni katika nyumba ile, lakini uongo hakuuzoea. “Wawili, Babu. Ualimu na ukunga.”

Wanawake wakaanza kunong'onezana. Wengi wao ndiyo kwanza walisikia habari ya huyo wa pili.

“Wawili,” babu akasema. “Zuberi alimuuliza mumoja tu. Hata mimi na uzee huu najua, kimya hakichagui kati ya wawili. Sasa mimi bwana yake namuuliza. Amisa, unataka yupi?”

Macho ya Amisa yakashuka kwa mazoea kutafuta mkeka. Mkeka haukuwepo. Mahali pake alikuwa babu, chali, kofia mpya kichwani, akimtazama kutoka chini, akamkonyeza.

Amisa akainua uso. “Baba, nataka kazi ya kuzalisha. Kule Kabambare, mutoto wa shangazi Fatuma ni mimi nilimushika. Mikono yangu haikutetemeka.”

Alilisema kwa sauti ya kufika kwenye lori, na lilifika, kwa sababu juu ya magunia watu waligeuka. Alikuwa amelibeba neno lile muda mrefu hivi kwamba lilipotoka alijisikia mwepesi, na alikuwa na furaha hata kabla ya kujua atajibiwa nini.

Zuberi hakupiga kelele. Huenda alimkumbuka mbuzi, huenda sauti yenyewe haikuwepo. Alisema kwa shida, kama anayejiuliza mwenyewe, “Mwanamwali anaingia vipi fasi ya kuzalia kama ile?”

Hapo Binti, ambaye kwa miaka yote ya ndoa yake hajawahi kumjibu mumewe mbele ya watu, akajibu.

“Watoto wako wote niliwazalia ndani ya nyumba hii,” akasema. “Kwenda lopitali sikukubali, sababu kule hapana hata mutu mumoja wa kwetu. Unakumbuka tulivyoogopa kwa Amisa. Sasa Aziza iko na mimba, na nyuma yake watakuja wengine. Unataka wazalishwe na nani?”

Aziza alikuwa pale pale, tumbo limeanza kusukuma khanga. Zuberi akamtazama. Akaitazama mikono ya Amisa, iliyokuwa imeshika kamba ya sanduku, akaitazama kwa muda mrefu kama kitambaa anachopima kwa macho dukani. Hofu ya siku ile Amisa alipozaliwa ilimrudia usoni, kila mtu akaiona. Akafungua kinywa. Akakifunga. Akatazama chini.

Lori lilipiga honi tena, na hakuna aliyelijali.

“Amenyamaza,” akasema Babu Kasimu.

Watu wakamtazama.

“Si mumeona? Ameulizwa, ametazama chini, amenyamaza. Wazee wa Kasongo, hiyo inaitwa nini kwetu?”

Shangazi aliyepiga kigelegele siku ya kwanza alisita kidogo, akajiona hana njia nyingine, akakipiga. Cha pili alikipiga Aziza. Cha tatu sijui nani alianza, kwa kuwa ua mzima ulikuwa unapiga, na hata Placide, Mkristo wa watu, alikuwa anapiga makofi na kumwambia kila aliye karibu kwamba yeye alisema ni wawili tangu mwanzo. Babu aliinuka akishikilia mwimo, akajipangusa vumbi, akatangaza kwamba mtoto akililia wembe, mpe, na wembe huu basi ni wa kukata kitovu. Tumbaku na kofia hakurudisha.

Amisa aliruka kizingiti akambusu babu mkono, akamwambia bwana yake asioe mwingine mpaka arudi. Babu akasema hawezi kuahidi. Halafu akageuka upande wa ukuta kurekebisha kofia yake, na aliirekebisha kwa muda mrefu kidogo kuliko kofia inavyohitaji.

Kulikuwa na vijana tele wa kubeba sanduku, na wawili walikwisha kuinama kulichukua. Zuberi akawasogeza kwa mkono. Akalitwika begani mwenyewe, juu ya kanzu yake mpya, akatangulia mbele ya binti yake kuelekea sokoni, akipita mbele ya duka lake na mbele ya wateja aliowapa habari za mwalimu. Njia nzima hakusema neno, na hakuna aliyemwuliza tena.