Rasimu Zilizogeuka Mikono ya Magauni

Msaili wa chuo alifunga jalada. "Michoro ya viti safi mno, binti. Rasimu ziko wapi? Nisipoona unavyokosea, nafasi ya shahada ya usanifu sikupi."

 Rasimu zote za binti, mama yake, fundi cherehani, alizikata zikawa paterni za kukatia magauni. Binti akamkimbilia mama nje, alikokuwa akimsubiri kwenye benchi, akamweleza.

"Si ninazo mkobani!" Mama akaingia bila hodi, akamwaga mezani mikono na kola za karatasi, zimejaa viti vilivyofutwafutwa. "Huyu kwa kukosea hachoki, mwalimu!"

Msaili akacheka, akaunganisha karatasi ya mkono na ya bega. Kiti kimoja kilikuwa kimechorwa mara tisa. "Nafasi umepata. Haya, nieleze hiki cha tisa."

Binti akaanza kueleza, hofu yote akaisahau.