Jina la Tatu kwenye Karatasi

Bosi wa ofisi ile alikuwa mwoga wa machozi. Mengine yote aliyaweza: kugombana na maofisa wa forodha, kufokea madereva, kusaini asichokisoma. Lakini kumtazama mtu usoni akamwambia kazi yako imekwisha? Thubutu! Kwa hiyo akabuni njia yake mwenyewe. Siku ya kupunguza watu alikunja kikaratasi mara nne, akampa fundi wa kompyuta, akaingia kwenye gari akasafiri. Kazi ya kusema ikabaki kwa mashine.

Na mashine ilisema hivi. Ile ni ofisi ya kutoa mizigo forodhani, vyumba vitatu juu ya duka la rangi, kompyuta saba na seva moja iliyofungiwa stoo pamoja na maboksi ya karatasi na ndoo ya deki. Kazi za wote zilikaa kwenye seva, ndani ya folda za pamoja: Nyaraka, Forodha, Hesabu, Barua. Kila mtu alikuwa na jina lake la kuingilia na paswedi yake, na fundi ndiye aliyeweka tiki au kuitoa, nani aingie wapi na nani asiingie. Ukitolewa tiki, ukibofya folda unaandikiwa: Huna ruhusa. Mwone msimamizi wa mtandao. Basi, umekwisha. Barua ingefuata mwisho wa mwezi, lakini barua ya nini tena? Watu walikuwa wakifika asubuhi, hata kiti hakijapata joto, wanabofya kwanza waone kama wangali hai.

Ndiyo maana fundi aliitwa Ziraili. Mtu akimwona anatoka stoo anashika kifua: "Ziraili, si leo baba, sijaaga nyumbani!" Wanacheka, na yeye anacheka nao, meno nje, roho inamsuta. Kazi ni kazi, alijiambia. Mtu wa miaka thelathini na mbili, hana cheti cha kumwonyesha mtu, ataenda wapi?

Tena kazi yenyewe aliipata kwa mgongo wa dada yake. Dada alikuwa karani wa nyaraka pale, mwaka wa kumi na moja huo. Ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, ndiye aliyemganda Bosi wiki nzima, asubuhi anamwambia mdogo wangu anajua kompyuta, jioni anamkumbusha, mpaka Bosi akasema haya mlete, mradi uninyamazie. Fundi alikuwa bado anaishi kwake, chumba cha uani. Shemeji alikuwa kitandani mwaka wa pili, upande mmoja wa mwili umekufa, na watoto wawili wako shuleni. Nyumba nzima ilisimama juu ya kazi ile ya nyaraka. Kibarua cha fundi kilikuwa cha kuongezea chumvi tu.

Sasa, Jumatatu moja Bosi akampa kikaratasi, akashuka ngazi mbiombio kama mtu aliyeacha jiko linawaka. Fundi akaingia stoo, akafunga mlango, akakunjua. Majina matatu ya kuingilia, kwa mwandiko wa Bosi wa kulala ubavu. La kwanza forodha2: huyo ni Mrefu, karani wa forodha. La pili barua1: Bibi Harusi, waliyempa jina hilo kwa sababu hakuwa na hata miezi miwili tangu aolewe. La tatu nyaraka1.

Alilisoma mara tatu, kana kwamba likisomwa sana litageuka jina la mtu mwingine. Kisha akakaa juu ya ndoo ya deki.

Akatoa tiki ya Mrefu. Akatoa ya Bibi Harusi. Ya Dada akaiangalia, akaizunguka kwa kishale cha mausi, akaiacha. Nitaongea na Bosi, akasema moyoni. Bosi naye ni binadamu, ana dada zake. Akirudi Ijumaa nitampigia magoti, atanielewa. Loo, mtu akitaka kujidanganya hahitaji msaidizi!

Kabla ya saa nne kilio kilikuwa kimeanza. Mrefu alibofya, akabofya tena, akasema, "Haya jamani, mimi marehemu." Bibi Harusi alilaza kichwa mezani mabega yakawa yanapanda na kushuka. Aliyewainua ni Dada. Aliwakusanyia vikombe vyao na makoti yao, akawashika mkono mmoja huku mmoja huku, akawasindikiza mpaka chini. Fundi aliwaona kutoka dirishani wamesimama karibu na geti, Dada anaongea kwa mikono yote miwili, wenzake wanaitikia kwa kichwa. Waliondoka wakitembea kama watu wenye mahali pa kwenda.

Jioni, nyumbani, ndipo alipojua Dada aliwaambia nini. Dada alikuwa anamlisha mumewe, kijiko baada ya kijiko, uso umechangamka.

"Mdogo wangu, Mungu hamtupi mja wake. Unamkumbuka yule mwenzangu aliyehamia kampuni ya ng'ambo ya barabara? Jana kanipigia. Wanataka makarani wawili wanaojua kazi ya mizigo, upesi upesi. Kaniuliza kama nataka mimi. Nikamwambia mimi niko vizuri nilipo. Leo nikawaelekeza wale wawili. Wamekwenda moja kwa moja, wamechukuliwa! Jumatano wanaanza."

"Wote wawili?" fundi aliuliza.

"Wote wawili. Nafasi zimejaa. Yule bibi harusi alivyolia, ungekuwa wewe ungemwacha?"

Fundi alifungua mdomo. Wallahi alifungua mdomo. Maneno yalikuwa yamefika kooni: Dada, piga simu sasa hivi, mwambie mwenzako nafasi moja ni yako. Siku nzima ilikuwepo bado kabla ya Jumatano. Lakini shemeji akapaliwa, Dada akamgeukia na kitambaa, na ilipopita hiyo fundi alikuwa amekwisha kuyameza. Angesemaje? Angesema jina lako ninalo mfukoni tangu asubuhi, na nimekaa nakutazama ukigawa riziki yako? Ngojangoja huumiza matumbo, wahenga walisema, na usiku ule lake lilimuuma kwelikweli.

Jumanne alimpigia Bosi mara sita. Simu iliita mpaka ikachoka. Akaandika: Bosi, naomba tuongee kuhusu nyaraka1. Ikaja jibu neno moja: Ijumaa. Jumatano Mrefu alipita ng'ambo ya barabara amevaa shati jipya, akampungia Dada mkono, na Dada akampungia kutoka dirishani kwa furaha kama mama wa bwana harusi. Alhamisi Dada alichapa kazi ya watu watatu, maana za Mrefu na Bibi Harusi zilikuwa zimemwangukia yeye. "Afadhali kuchoka," alisema, akijinyoosha mgongo. "Aliyechoka ana kazi." Fundi akasingizia seva ina tatizo, akaenda stoo kukaa peke yake.

Ijumaa saa mbili na nusu Bosi akamwita. Alikuwa hajavua hata koti.

"Wewe! Napanda ngazi nakutana naye ananiambia karibu Bosi, pole na safari. Unataka nipandwe na presha?"

"Bosi, ni dada yangu."

"Najua ni dada yako. Mimi ndiye niliyekuajiri kwa maneno yake."

"Mume wake anaumwa, Bosi. Nyumba nzima inamtegemea. Nitoe mimi, yeye abaki." Na hapo goti lilikuwa limeshagusa zulia.

Bosi alitazama pembeni, kwenye kalenda. Yale macho ya fundi yalikuwa yameanza kulowana, na ugonjwa wa Bosi tunaujua.

"Inuka, inuka bwana. Mshahara wako ni robo ya wake, nikikutoa wewe nitakuwa nimepunguza nini? Tena ukitoka wewe, nani atawafunga wengine? Unafikiri wamekwisha? Kabla ya saa sita iwe tayari. Na usinilazimishe kuandika karatasi nyingine yenye jina lako, mtoke wote wawili."

La kuvunda halina ubani. Fundi aliinuka, akapita katikati ya ofisi. Dada alikuwa ameinamia kibodi, miwani imeshuka puani, anamalizia nyaraka za kontena la vipuri. Alisimama nyuma ya kiti chake. Mwambie, akajisemea, mwambie kwa mdomo, wewe si mashine. Dada akageuka.

"Nini, mbona umesimama kama mgeni? Una njaa?"

"Hapana, Dada. Endelea tu."

Akaingia stoo. Tiki ilitoka kwa kubofya mara moja, kama nyingine zote.

Haikupita dakika tano akasikia sauti yake. "Fundi! Njoo uone, folda imenigomea, nilikuwa nahifadhi kazi." Mhasibu aliacha kupiga kikokotoo. Kila mtu alikuwa ameshaelewa, kila mtu, isipokuwa yeye. Fundi alipotoka stoo akamkuta anapiga kitufe kilekile kwa subira. "Hizi mashine zenu! Nimeandika paswedi mara ya tatu hii. Hebu nitazamie, mzigo unasubiriwa."

Fundi alisimama. Hakugusa kibodi.

Dada alimtazama usoni. Akausoma ule ujumbe kwenye kioo, polepole safari hii, akamtazama tena. Alivua miwani, akaikunja.

"Alikupa leo karatasi?"

Hapa angeweza kudanganya. Leo, Dada, sasa hivi tu. Neno moja lingemwachia heshima yake nyumbani, pengine maisha yake yote. Lakini mtu huyu alimfundisha kufunga kamba za viatu, akamfundisha na kusema kweli.

"Jumatatu," alisema.

Midomo ya Dada ilicheza kidogo, kama anahesabu vidole kimoyomoyo: Jumatatu, getini, wale wawili. Simu ya mwenzake, Jumapili. Shati jipya la Mrefu. Mkono ukashika ukingo wa meza.

"Pamoja na wale?"

"Pamoja nao. Nilitaka niongee na Bosi kwanza. Nilikuhurumia, Dada."

"Ungenifunga," alisema, taratibu sana. "Ungenifunga pamoja na wenzangu, mdogo wangu. Kifo cha wengi harusi. Wewe ukanihurumia, ukanichagulia changu cha peke yangu."

Akachukua mkoba, akashuka ngazi. Fundi akamfuata mpaka mlangoni, akaishia hapo. Simu ikatetemeka mfukoni. Ilikuwa Bosi, kutoka chumba cha pili, mlango ameufunga kwa ufunguo: Umemaliza?

Fundi akaandika: Tayari, Bosi.