Aproni Tano

Duka lilikuwa na aproni tano na mtu mmoja wa kuzivaa.

Maduka yenyewe yalikuwa kumi na moja, yametapakaa mkoa mzima, yote yana bango moja la kijani, lori moja la kuleta bidhaa, na mifuko ileile inayochanika ukiwa umebakiza hatua kumi kufika kwako. Lakini kila duka lilikuwa na wenyewe: familia moja, duka moja. Hilo ndilo walilojivunia. Supamaketi kubwa zina meneja anayehamishwa kabla hajajua choo kiko wapi; huku kwao, ukilalamikia nyanya, unamlalamikia aliyezinunua. Kwa hiyo aproni zao hazikuandikwa majina. Ziliandikwa BABA, MAMA, KAKA, DADA, na ya mdogo wa wote, KITINDA.

Kitinda mwenyewe alikuwa na miaka thelathini na saba na mvi mbili anazozing'oa kwa zamu. Baba yao alifariki mwaka juzi. Mama akaenda kwa dada kusaidia kulea mjukuu, akasema wiki mbili tu, na sasa mjukuu anapanda ngazi mwenyewe. Kaka anauza bima mji mwingine, na ukimpigia simu unaweza kudhani umefungulia tangazo.

Basi Kitinda akawa familia nzima. Kwenye matunda alivaa DADA. Kwenye mizani alivaa KAKA, maana wateja humwamini zaidi. Akija mwenye malalamiko alikimbilia MAMA, na sauti ya mtu ilishuka yenyewe. Ile ya BABA aliiacha kwenye msumari. Mwalimu mmoja mstaafu, mteja wa kila siku, alikuwa akimwamkia shikamoo akimkuta na MAMA kwenye jibini, na kumwuliza mambo vipi kaka akimkuta na KAKA kwenye unga. Walicheka. Mwalimu akitoka, kicheko kilibaki dukani kimemganda Kitinda usoni, hana wa kugawana naye.

Tatizo lilikuwa ukaguzi. Kila mwaka alikuja mwenye duka mojawapo kati ya yale kumi na moja, na fomu yake ilikuwa na swali moja la maana: watu wa familia wanaofanya kazi dukani ni wangapi? Wakiwa wawili au zaidi, bango linabaki. Akiwa mmoja, linashushwa, na lori halipiti tena. Walioajiriwa hawahesabiwi, wao huvaa aproni tupu, isiyo na neno.

Kaka aliapa angekuja Jumanne hiyo. Jumanne saa tatu asubuhi akapiga simu kusema ana kikao, ila moyo wake uko dukani. Kitinda akamjibu kwamba kwenye fomu hakuna nafasi ya kuandika moyo.

Simu hiyo aliipokelea pembeni ya kaunta, na keshia alisikia yote. Keshia alikuwa na miaka kumi na moja ya kazi pale, mwanamke wa maneno machache na vidole vya haraka. Alivua aproni yake tupu, akaenda kwenye misumari, akarudi amevaa DADA.

"Utaulizwa maswali," Kitinda alisema.

"Nitajibu."

Mkaguzi alifika saa nne, mwenye duka namba saba, mnene, anafuta shingo kwa leso iliyokwisha kulowa. Alikagua tarehe za maziwa, akagusa milango ya friji, akamsalimia mkata nyama wa duka, ambaye huzungumza zaidi na nyama kuliko na watu. Kisha akasimama kwenye kaunta akasoma aproni ya keshia, akamtazama uso, akarudia aproni.

"Hamfanani," alisema.

"Yeye kachukua sura ya mama," Kitinda akadakia.

"Mama yenu namjua."

Mkaguzi akamgeukia keshia, akamwambia yeye alikaa na marehemu baba yao kwenye kamati ya maduka miaka mingi. Hebu amwambie, mzee alikuwa hapendi nini hapa dukani?

Kitinda alitaka kusema nyanya zinazominywa na wateja. Alichelewa.

"Saa saba mchana," keshia alisema. "Wateja wanaisha, duka linanyamaza. Alikuwa anasema hapo friji zinaanza kumsema. Basi anavuta kreti, anakaa hapa nyuma yangu, tunakula. Mguu wa kushoto ukimuuma anaupandisha kwenye gunia la mchele. Ananisimulia alivyotaka kuwa dereva wa treni."

Kitinda hakuwa na habari ya treni. Hakuwa na habari hata ya mguu. Miaka yote hiyo, saa saba alikuwa ofisini juu, anakula na simu yake, na baba yake yuko chini, ngazi kumi na nne tu.

Leso ya mkaguzi ilitulia shingoni. Labda alielewa, labda na yeye dukani kwake kuna kreti ya namna hiyo. Aliandika wawili, akasaini, akamkabidhi Kitinda cheti, akaondoka bila kuaga vizuri.

Keshia akavua aproni ile, akaikunja mara nne.

"Baki nayo," Kitinda alisema. Akaongeza, kwa sauti aliyodhani ni ya mzaha: "Na saa saba tuwe tunakula wote. Kama na baba."

Keshia alimtazama bila ubaya wowote.

"Baba yako alikuwa ananiuliza wanangu wanaendeleaje," alisema. "Wewe hujui hata kama ninao."

"Wangapi?"

"Watatu. Siku hizi sili hapa. Saa nane natoka, wananisubiri tule."

Mteja akapanga makopo kwenye kaunta, na vidole vya keshia vikarudi kazini.

Kitinda alikwenda mlangoni kubandika cheti, mahali ambapo kila anayeingia angekisoma: *Familia inayokuhudumia, watu wawili.* Kilikuwa cha karatasi ngumu, kilikuja kimeviringishwa ndani ya bomba la kadibodi, kinataka kujikunja. Alibana kona moja kwa kiwiko, akapiga pini ya pili, na ya kwanza ikafyatuka. Akaanza upya, akanyanyua uso kutafuta mtu wa kumshikia upande wa pili, akaona duka lote, kila mtu na shughuli yake, akakigandamiza kwa paji la uso.