Gurudumu la Tatu la Elie

Mjukuu wangu Elie, anayeniita Koko, yaani bibi, anatengeneza simu katika duka moja la Kansanga, hapa Kampala. Mwaka jana aligongwa na bodaboda, mguu wa kushoto ukavunjika. Mfupa uliunga, nguvu haikurudi. Miezi minane amekaa ndani. Halafu mwenye duka akatuma neno: Jumatatu uje, na uwe unakuja kila siku, la sivyo nafasi naipa mwingine. Kwa mwenye miguu mizima si mbali. Kwa Elie ni safari, na bodaboda hapandi tena. Akisikia mlio wake tu anatoka jasho.

Alikuwa na baiskeli ya ajabu, aliyoachiwa na Mzungu mmoja wa kanisani. Unakaa umeegemea nyuma kama mtu aliyeshiba, miguu mbele, na pedali na mnyororo vyote viko kwenye gurudumu la mbele. Zamani aliipanda vizuri. Sasa kila akisimama, mguu wa kushoto haumshiki, anaanguka.

Nikaipeleka kwa Okidi, fundi wa kuchomelea vyuma, mtoto wa askari, Kiswahili chake cha kambini. Mimi ananiita Jaja, bibi kwa Kiganda.

"Jaja, hii si baiskeli. Hii kitanda."

"Basi kitanda gani kina miguu miwili? Kiongezee."

Akacheka. Akasema kazi ni rahisi, maana nyuma hakuna mnyororo wa kumsumbua. Akatoa gurudumu la nyuma, akachomelea chuma cha kukingama, akafunga magurudumu mawili ya kiti kibovu cha wagonjwa. Jumamosi mchana ilikuwa tayari, rangi bado mbichi.

Okidi ana desturi yake: anachotengeneza anakipanda yeye kwanza. Mteja akianguka, anasema, jina la fundi limeanguka. Akazunguka mara tatu, inakwenda imenyooka. Tukapiga makofi.

Akapanda Elie, mguu mbaya tumeufunga kwenye pedali kwa kitambaa. Hajafika mbali, baiskeli ikakata kushoto, ikamtia mtaroni.

"Shika usukani, bwana!" Okidi akamfokea.

"Si nimeshika!"

Mara ya pili, kushoto tena, mtaroni tena. Elie akabaki kwenye matope, hataki kuinuliwa. "Koko, mwambie mwenye duka atafute mtu."

Mimi sina haraka. Shule niliishia la tatu, lakini macho ninayo. Nikamwambia Okidi apande tena, akanyage kwa mguu wa kulia peke yake.

"Jaja, unanichezea."

"Panda, baba."

Akapanda. Na yeye akaingia mtaroni, na watu wa karakana wakamzomea.

Hapo tukaelewa. Pedali na usukani vinageuka pamoja, kwa hiyo mguu ukisukuma, unageuza pia. Miguu miwili inasawazishana. Mmoja unakupeleka upande mmoja tu. Okidi aliipima kazi yake kwa miguu yake mwenyewe. Alijifuta matope.

Akakata mpira wa ndani wa tairi, akaufunga upande wa kulia wa usukani, akauvuta nyuma mpaka kwenye kiti. Mguu unavuta kushoto, mpira unavuta kulia, inanyooka. Lakini Elie akiacha kukanyaga, mpira unampeleka kulia, kwenye magari. Lazima mikono ikaze njia nzima.

Jumatatu akaenda. Alikataa nimfuate. Nilifua nguo zilizokuwa safi.

Jioni akarudi mzima. "Nafasi ninayo, Koko."

"Asifiwe Mungu. Mbona husemi kwa furaha?"

Akanyoosha mikono. Ilikuwa inatetemeka. "Skrubu za simu ni ndogo kama mbegu za nyanya. Asubuhi yote zilikuwa zinaniponyoka. Nilimwambia mwenye duka ni baridi."

"Akajibu nini?"

"Alitazama mikono yangu tu. Kesho nitatoka saa kumi na mbili asubuhi, mikono ipumzike kabla wateja hawajaja."

Nikatia maji ya moto kwenye beseni, akaizamisha. Tulikaa hivyo mpaka maji yakapoa, na vidole bado vinacheza.