Samani ya Pori

Shemeji alipiga simu wakati fundi ana misumari mdomoni, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, maana mtu mwenye misumari mdomoni husikiliza tu, hana jinsi ya kuuliza.

"Shemeji, yamenifika shingoni," sauti ilisema kwa mluzi. Shemeji alikuwa mlinzi mkuu wa pori la hifadhi, na tangu punda milia amng'oe meno mawili ya mbele kwa teke, kila neno lake lilitoka na upepo. "Kuna mkaguzi anakuja Ijumaa. Anataka kuiona samani ya pori. Asipoiona, wanafyeka kila kitu, wanasawazisha, panakuwa maegesho ya malori."

Fundi alitema misumari kiganjani. "Samani?"

"Samani, shemeji! Ya miti, ya mto, ya kila mnyama. Hata nyani aonekane ana samani yake. Mimi sina mdomo wa kusimama mbele ya wakubwa. Njoo unisaidie, la sivyo nafungasha virago nahamia kwako."

Maneno hayo ya mwisho yalimtoa fundi jasho jembamba. Shemeji hakuwa na mke wala nyumba. Mara ya mwisho alikuja kulala siku moja akakaa msimu mzima wa mvua, tena alikuja na nungunungu. Mnyama yule alijichagulia makao chini ya benchi la kazi, na mpaka leo fundi haketi kabla ya kupapasa kiti.

"Usiwe na wasiwasi," alisema. "Samani itakuwepo."

Mkewe, dada wa huyo shemeji, alikuwa mlangoni akipiga msasa mguu wa stuli. Aliposimuliwa aliacha kazi. "Nyani wakalie makochi?"

"Serikali ndiyo imetaka."

"Baba Pacha, mpigie tena umwulize vizuri."

"Mimi na kaka yako tumeelewana. Au unamtaka nungunungu?"

Mke akarudi kwenye msasa wake.

Ijumaa asubuhi karakana ilibaki na vumbi la mbao tu. Makochi, vitanda, kabati la nguo la milango mitatu, meza ya kioo ya kujipambia, stuli, hata rafu ya viatu, vyote vilipakiwa kwenye lori. Fundi alikuwa ameishi kwa mbao tangu ujana lakini hakuwahi kukanyaga porini. Kwake yeye mti ulikuwa kitanda kilichosimama wima. Na kwa habari ya mbao alikuwa na sifa moja. Kuhusu siku ya kukabidhi kazi angekudanganya, kama mafundi wote wanavyodanganya, lakini mbao hakuwahi kuisingizia wala kuipamba. Ikiwa mbovu alisema mbovu, hata kama mteja ni mkwe.

Walipofika porini shemeji hakuwepo, alikuwa amekwenda geti la upande wa pili kumpokea mgeni. Basi fundi akapanga mwenyewe na dereva. Makochi aliyaweka chini ya mninga mkubwa kando ya mto, kabati katikati ya uwanda, kitanda cha futi sita karibu na tope, na meza ya kioo akawaachia swala. Dereva alipoona nyati anakuja kuangalia kitanda, aliwasha lori akaondoka bila kuaga.

Wanyama walipokea vizuri. Nyani dume akachukua kochi la mtu mmoja, akaweka mkono huku na mkono huku kama baba mwenye nyumba, na wake zake wakajazana kwenye lile refu. Nyati alijaribu kitanda kwa pembe, akaridhika, akalala. Swala walipanga foleni kwenye kioo.

Shemeji alitokea mbio, kofia mkononi, macho yamemtoka pima. "Nini hiki?"

"Samani," fundi alisema kwa fahari.

"Sikusema samani! Nimesema samani!"

"Na samani ndiyo hii!"

"Siyo samani ya kukalia, wewe! Samani! Ile ya umuhimu! Kwamba pori lina faida gani, lina maana gani!"

Fundi alimtazama yale mapengo, na upepo ukamwingia taratibu kichwani. "Thamani?"

"Enhe! Samani!"

Fundi akatafuta pa kukaa, lakini nyani hawakusogea. Na wakati huohuo gari la mkaguzi likasimama mbele yao.

Mkaguzi alikuwa mtu wa suti na viatu vya kung'aa. Alishuka, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Tembo alikuwa anajikuna ubavu kwenye kabati. Kabati lilizama kidogo ardhini lakini halikuvunjika, na fundi, pamoja na mashaka yake yote, alijikuta anatabasamu.

"Nimekagua mapori mengi," mkaguzi alisema polepole. "Yote hayana hata stuli. Unafika, unaonyeshwa majani, unaambiwa hii ni mali. Mali gani? Hapa angalau mtu ana pa kuanzia."

"Tunajitahidi, mzee," shemeji alisema, akipiga mluzi kwa hofu.

Mkaguzi aliliendea kochi refu. Nyani wakabanana wakampa nafasi katikati yao. Akaketi, akanyoosha miguu, mmoja akaanza kumtafuta chawa kichwani naye akamwachia. Kisha aliinua macho, akauona mninga.

"Nani fundi hapa?"

"Mimi, mzee."

"Safi sana kochi lako. Hebu niambie, huu mti mmoja unatoa makochi mangapi kama haya? Maana kama mbao ipo, tulete misumeno tu, habari ya pori iishe. Kila raia apate pa kukaa."

Shemeji alimtazama fundi. Alikuwa mwanamume mzima ameshika kofia kifuani kama mtu msibani.

Fundi aliutazama mti. Alijua jibu tangu aliposhuka kwenye lori. Jicho lake lilikuwa limeshaupasua, limeshauranda, limeshaupaka vanishi. Shina lilinyooka bila fundo, gome lenye afya, mninga wa aina ambayo mafundi huongea habari zake tu bila kuuona. Juu kabisa, kwenye matawi, ndege fulani alikuwa anajenga, ametia kijiti mdomoni, na hakuweza kusema neno.

"Huo?" fundi alisema. Ulimi ulimwia mzito. "Huo umeoza ndani."

"Umeoza?"

"Wote. Ukiupasua ni unga. Na ile mingine pia. Miti ya huku ni sura tu, mzee."

Uongo wa kwanza wa maisha yake juu ya mbao, na ulimtoka mkubwa kama nyumba. Alisubiri radi impige. Ndege akashusha kijiti, akachagua kingine.

"Pole yenu," mkaguzi alisema, akatoa simu. Mtandao haukuwepo, ikabidi apande juu ya kitanda, kwenye kipande alichobakishiwa na nyati, akanyoosha shingo. "Bosi! Ndiyo, nimefika! Samani ipo!"

Upande wa pili ulinguruma. "Ipo nini? Thamani?"

"Samani, bosi! Nimeiona kwa macho yangu! Kila mnyama ana yake!"

"Kubwa?"

"Kubwa mno! Lori moja halibebi! Ninavyoongea nimesimama juu yake!"

Sauti ya bosi ikasikika mpaka kwenye makochi. "Kama thamani yake imefika huko, msiliguse pori hilo. Malori yatafutiwe kwingine."

Mkaguzi alishuka kitandani, akajikung'uta suti. "Amesema mbaki kama mlivyo," alitangaza, na alionekana kushangaa mwenyewe. Alipoondoka aliwapungia nyani mkono. Shemeji alimkumbatia fundi, akalia kwa mluzi, kisha akakimbia kufunga geti kabla mtu hajabadilisha mawazo.

Fundi alijaribu kurudisha angalau stuli moja. Nyani dume alimwonyesha meno, na meno yake yalikuwa kamili. Lori lenyewe lilishaondoka. Basi akabaki pale akimsubiri shemeji amtafutie usafiri, akautazama mninga. Kila alipojaribu kuhesabu makochi, hesabu ilimpotea kwenye yule ndege.

Mtandao ukajileta wenyewe, simu ya fundi ikalia.

"Baba Pacha, kaka anahamia kwetu?"

"Haji. Pori limebaki."

"Alhamdulillahi! Na wewe je, unarudi saa ngapi?"

"Baadaye kidogo. Nimekaa."

"Umekaa kwenye nini, na viti vyote umewapa nyani?"

Fundi alijiangalia alipokuwa, akapapasa kwa mazoea.

"Chini," alisema.