Hewa Nyepesi ya Mchana

Tserenpil aliupima uwanja kwa hatua ndefu. Nyasi, kisha mawe, kisha korongo. Mwaka wa sita huu alikuwa akirusha ndege ya wagonjwa katika milima ya Altai, lakini mchana wa Julai wenye jua kali kama hili hakuupenda hata kidogo.

"Kaka, mbona unazungukazunguka? Damu haikomi!" Norjmaa, muuguzi, alimpigia kelele kutoka kwenye mlango wa ndege.

Handa alikuwa amejifungua alfajiri. Mtoto mzima, mama anavuja damu. Mumewe, Gombo, alikwisha kumpandisha, naye akaketi kando yake.

"Shuka, ndugu yangu," Tserenpil alisema. "Wanne hatutapaa."

Gombo alicheka kwa hasira. "Ngamia wangu anabeba hema zima na makabati yake. Ndege gani hii inayoshindwa na mtu mkondefu kama mimi?"

"Ngamia anakanyaga ardhi, mimi nakanyaga hewa. Bawa linaisukuma hewa chini, nayo inalisukuma bawa juu. Sasa huku milimani hewa ni haba, na joto limeifanya nyepesi zaidi. Lazima tukimbie kasi zaidi ndipo itubebe, na injini yenyewe inavuta hewa hiyohiyo, haina nguvu. Uwanja utatuishia."

"Basi tungoje jioni, kupoe."

Tserenpil alimtazama Norjmaa. Norjmaa akatikisa kichwa.

"Ashuke yeye, basi!" Gombo alimnyoshea muuguzi kidole.

"Na damu utaizuia wewe?" Norjmaa akamuuliza.

Gombo akashuka. Handa alikuwa ameng'ang'ania mkono wa joho lake. Ilibidi avibandue vidole kimoja kimoja. Mama yake Gombo, kichanga kifuani, alirusha maziwa hewani kwa kijiko, kuwaombea njia.

Tserenpil aliielekeza ndege kwenye upepo, ule kidogo uliokuwapo, akashika breki hadi injini ikanguruma kwa nguvu zote, akaachia. Nyasi zilipita polepole mno. Magurudumu yakainuka, yakagonga chini, yakainuka tena. Pale korongo lilipofunguka akainamisha pua, ndege ikateremka humo ikichukua kasi, mpaka mabawa yakashika hewa.

Nyuma yake Handa aliita, "Gombo." Akaita tena. Walipovuka mlima wa pili, Norjmaa alimgusa rubani begani.

"Usiharakishe tena, kaka."

Kesho yake asubuhi, hewa ikiwa ya baridi na nzito, Tserenpil aliurudisha mwili wa Handa kwao. Gombo alikuwa amesimama peke yake mwisho wa uwanja.

"Alisema chochote?"

"Alikuita. Mara nyingi."

Gombo alikwenda hadi mlango wa ndege. "Na mimi ningekuwemo?"

"Tungeanguka korongoni."

"Una hakika?"

Tserenpil alikuwa amepiga hesabu mara tatu. Mara mbili walianguka. Mara moja, kwa nafasi ndogo sana, walipaa.

"Sina," alisema.

Gombo alipanda ndani kumshusha mkewe, na Tserenpil aliposhika upande wa miguu, hakumkataza.