Honi Mara Tatu

Kila Jumamosi jioni, baada ya kuoga na kabla ya kuinjika ugali, Kaleli aliwasha piki isiyokuwa yake.

Aliitoa kwenye kona ya veranda, akaivua turubai, akafungua koki ya petroli na kupiga kiki mara mbili tatu, kisha akaiacha ingurume dakika kumi huku ameketi kwenye ndoo iliyofudikizwa. Wapangaji wenzake katika ploti ile ya Kiuu, Ruiru, walishazoea. Akoth, jirani wa mlango wa pili, alianua nguo zake mapema zisinuke moshi, na siku akiwa na hasira alimuuliza kama hiyo pikipiki bado inanyonya au imeshaachishwa ziwa. Kaleli alicheka tu. Injini isipowashwa hukwama, na piki ya mtu haikwami mikononi mwa fundi.

Piki ilikuwa ya Anish, kitinda mimba wa mzee Himatlal mwenye duka la vitambaa Thika. Anish alikuwa msimamizi wa stoo katika kiwanda ambako Kaleli alikereza vyuma kwa miaka ishirini na sita. Kiwandani Kaleli alimwita Bwana Anish, na Anish akamwita fundi, na mambo yakaishia hapo. Lakini Jumapili, mashariki ya Thika, ukishapita mashamba ya mananasi na lami ikakwisha, hakukuwa na bwana wala fundi. Kulikuwa na wanaume wawili, skramba mbili, zile piki za kupanda milima, na njia nyembamba yenye mawe ambayo hata mbuzi huyafikiria kwanza.

Njia hiyo ilikuwa na panda nyingi, na mtu akikosea panda moja anaweza kutokea kusikojulikana akiwa hana maji. Ndipo wakajitungia sheria. Wa mbele akifika kwenye panda husimama, huzima injini, humngoja wa nyuma. Wa nyuma akichomoza hupaza sauti, "Nyuma!" Wa mbele hujibu, "Nakuona!" kisha safari ikaendelea. Na wa mbele harudi nyuma kwa haraka zake mwenyewe, kwa sababu siku moja Kaleli alirudi, wakakutana uso kwa uso kwenye kona, na Anish akavunjika mfupa wa bega. Harudi mpaka asikie honi mara tatu. Honi tatu maana yake ni nimeanguka, njoo.

Honi zenyewe hazikuwa zile za kulia kama kifaranga zinazokuja na piki. Masikio ya Kaleli yaliliwa na mashine kitambo, na mtu akimwita kutoka ng'ambo ya barabara anapita zake. Kwa hiyo alizifunga piki zote mbili honi kubwa za gari, yeye mwenyewe, kwa waya na boliti za kiwandani. Zikilia, ndege huhama mti.

Miaka minne iliyopita Anish alihamia Kanada na mkewe Khushboo na watoto wao wawili, piki yake akamwachia Kaleli. Kaleli alimsindikiza hadi uwanja wa ndege akiwa amevaa koti lake la kanisani. Pale mlangoni, askari walipokuwa wanakagua tiketi, Anish aligeuka na kupaza sauti mbele ya watu wote, "Niko nyuma!" Na Kaleli, bila kufikiri, akajibu, "Nakuona!"

Mtu mwingine angesikia kwaheri na kurudi nyumbani. Kaleli alikuwa mtu wa kushika maneno. Alisikia kile ambacho maneno yale yalimaanisha kwenye mawe: kwamba mwenzake yuko njiani, hajaonekana tu, na wa mbele haondoki. Tangu siku ile alikwenda peke yake kila Jumapili. Mkewe Mukonyo alikuwa Matuu akilima, watoto walishakuwa watu wazima wa kupiga simu Krismasi, na kiwandani vijana walimwamkia tu na kurudi kwenye simu zao. Kwenye kila panda alisimama, akazima injini, akahesabu hadi sitini, kisha akaendelea. Alijua ni upuuzi. Aliufanya hata hivyo, kwa sababu zile sekunde sitini ndizo pekee katika juma zima alizohisi kwamba kuna mtu anakuja.

Kisha Anish akapiga simu. Alikuwa mtaa wa Membley, hapo hapo Ruiru, kwa binamu yake Viren, amekuja harusini, na Jumapili jioni angeondoka.

"Jumapili asubuhi niko fri," alisema. "Ile ngazi bado iko?"

"Ngazi ya mawe iende wapi?" Kaleli alijibu. "Wewe njoo."

Wiki hiyo Kaleli hakulala vizuri. Alibadilisha oili ya piki ya Anish, akakaza cheni, akasafisha plagi, akapaka grisi, akasugua madigadi mpaka zikarudi kuwa nyekundu. Usiseme hakujua alichokuwa anatafuta. Alitaka kumsikia Anish akiita "Nyuma!" mara moja tu kwenye mawe, kwa sauti yake ya kweli. Akiisikia, angeweza kuwasha hiyo piki kila Jumamosi kwa miaka mingine minne, hata kumi. Asipoisikia, basi atakuwa ni mzee anayepasha moto chuma cha mtu.

Jumapili saa moja Viren alifika Kiuu na pikapu, akapakia piki zote mbili. Anish alishuka akiwa amenenepa kidogo, amevaa buti mpya. Walikumbatiana vibaya, helmeti ikiwa katikati.

"Nyinyi wazee mtavunjika miguu," Viren alisema alipowashusha kwenye vibanda ambapo lami inakwisha. "Mimi nitakuwa hapa na chai yangu."

Kaleli akatangulia, kama zamani. Njia iliteremka kwenye vichaka vya miiba, ikavuka mchanga, ikaanza kupanda mawe. Nyuma yake alisikia injini ya pili, au alidhani ameisikia, na moyo wake ukawa mwepesi hata akaimba ndani ya helmeti. Kwenye panda ya kwanza alisimama. Anish akachomoza, akihema, amekodoa macho.

"Nyuma!"

"Nakuona!" Kaleli alipiga kelele. Alishukuru kwamba kioo cha helmeti kilikuwa na vumbi.

Baada ya hapo ilikuja Ngazi. Ni mawe makubwa yaliyopangana, hatua kumi na moja, upande mmoja mwamba na upande mwingine bonde lenye mto unaonguruma. Siri ya Ngazi ni kutofikiri. Unasimama kwenye vikanyagio, unalegeza magoti, unaangalia jiwe la mwisho, na mkono hauachii mafuta hata kidogo. Anayeangalia jiwe lililo chini ya tairi lake huanguka. Kaleli alipanda bila kuguswa na kitu, akazunguka mwamba, akafika panda ya pili, akazima injini. Akangoja.

Hakuhesabu hadi sitini safari hii. Kungoja mtu anayekuja hakuna haja ya hesabu. Alivua helmeti, akanywa maji, akaketi kwenye jiwe. Dakika kumi zikapita. Alijiambia kwamba Anish amepoteza mazoea, anasukuma piki kwa mkono, anapumzika, anapiga picha za kuwaonyesha watoto wake. Dakika ishirini. Upepo ulikuwa unatoka bondeni na maji yakinguruma, naye akatega sikio lake zuri kuelekea mwamba. Honi hakuna. Kama honi hakuna, basi hakuna aliyeanguka. Hiyo ndiyo sheria, na waliitunga kwa mfupa wa bega.

Saa nzima na ushei ikapita. Ndipo Kaleli akaiacha piki yake pale na kurudi kwa miguu, akitembea ukingoni ili Anish asije akamgonga.

Ngazi ilikuwa tupu. Mawe hayashiki alama, kwa hiyo hapo hakuona kitu. Lakini chini ya Ngazi, kwenye kimchanga, aliona mstari wa tairi lenye meno umegeuka duara zuri kabisa, ukarudi ulikotoka. Kaleli aliuangalia kwa muda mrefu. Mtu aliyegeuza piki vizuri hivyo hakuanguka. Anish alitazama Ngazi, akaamua kwamba haiwezi, au haitaki, akaondoka bila neno. Alimwacha kwenye panda.

Kaleli aliumia. Aliumia vile mtoto anavyoumia, akaona haya kuumia hivyo kwa umri ule. Alipanda tena mpaka kwenye piki yake, na mara ya kwanza baada ya miaka kumi na tisa aliteremka Ngazi akitazama jiwe lililo chini ya tairi. Aliponea chupuchupu.

Anish alikuwa ameketi kwenye pikapu, mlango wazi, soda mkononi. Piki yake ilishapakiwa na kufungwa kamba. Suruali yake ilikuwa na vumbi jekundu, lakini ni nani anayetoka kule bila vumbi?

"Ulikuwa wapi?" Kaleli aliuliza.

"Nilikuwa hapa." Anish aliizungusha chupa. Kisha akamwangalia. "Kaleli, kwani hukusikia kitu?"

"Kusikia nini? Upepo tu."

Anish alimtazama kana kwamba anangoja aongeze neno. Kaleli alikuwa na maneno mengi, yote makali, lakini akaanza kusukuma piki yake kwenye pikapu.

"Sawa," alisema Anish. "Ilikuwa tu nimechoka. Umri."

Njiani kurudi Ruiru Viren ndiye aliyezungumza, kuhusu harusi na jinsi biriani lilivyopungua. Kiuu walishusha piki, wakaziweka verandani. Anish alisimama kidogo karibu na yake, akaigusa tangi, akaonekana kama mtu anayetaka kusema jambo. Viren akapiga honi ya pikapu, akisema watachelewa uwanja wa ndege.

"Haya, Kaleli," Anish alisema kutoka dirishani. Alijaribu kutabasamu. "Niko nyuma."

Kaleli aliweka mikono mfukoni.

"Wewe tangulia tu," alisema.

Neno hilo halikuwamo katika sheria yao. Aliona uso wa Anish ukilipokea, kisha pikapu ikaondoka, na vumbi lake likatua juu ya nguo za Akoth.

Saa kumi na mbili jioni hasira ilikuwa imemwisha na kubakia ule utupu tu. Kaleli alichukua kitambaa na maji akaanza kuipangusa piki ya Anish kwa mara ya mwisho. Alishaamua kwamba Jumamosi hataiwasha tena. Alianza na madigadi, akapanda hadi tangi, akafika kwenye usukani, na hapo mkono ukasimama.

Klachi ilikuwa imepinda. Upande wote wa kushoto ulikuwa umechubuka, mchubuko mpya, wa jiwe, na kikanyagio kimeingia ndani. Piki hii ilikuwa imelala juu ya mawe kwa uzito wake wote, na mguu wa mtu ulikuwa chini yake. Usukani mzima ulikuwa umefunikwa na vumbi jekundu lililogandana na jasho, isipokuwa mahali pamoja. Kitufe cha honi kilikuwa safi. Kilikuwa kimesuguliwa na kidole gumba mpaka kinang'aa.

Kaleli alifungua swichi, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, kwa nguvu. Kimya.

Alifungua taa ya mbele kwa bisibisi na kuona waya wa honi umeoza, umekuwa kijani, umekatika. Haukukatika leo wala jana. Ulikuwa umeoza taratibu, Jumamosi baada ya Jumamosi, huku yeye ameketi kwenye ndoo yake akisikiliza injini kwa furaha. Alikuwa amebadilisha oili, plagi na cheni, akapaka grisi kila kinachopakwa. Honi hakuwahi kuijaribu hata siku moja. Angeijaribu ya nini? Alikuwa peke yake, na mtu aliye peke yake hana wa kumpigia honi.

Hukusikia kitu, Anish alimuuliza. Miaka minne Kaleli alimngoja, na siku mwenzake alipoanguka na kuita, akiwa hatua mia mbili tu nyuma yake, yeye alikuwa ameketi kwenye jiwe akinywa maji na kujisifu kwa kushika sheria. Anish naye aliishika. Alibonyeza, honi ikakataa, akabonyeza tena, akaita kwa mdomo, akangoja, akaamini kwamba rafiki yake amesikia na hakutaka kuja.

Kaleli alimpigia simu. Sauti ya mwanamke ikamwambia kwamba mteja wa nambari aliyopiga hapatikani kwa sasa. Alipiga tena, na tena, mpaka aliposikia ndege inapita juu ya Ruiru ikipanda, ingawa kwa masikio yale hangeweza kuapa. Ndege hupita nyingi jioni.

Basi akafanya kazi aliyoijua. Alikata waya uliooza, akamenya mpya kwa meno, akausokota, akaufunga kwa utepe. Akafungua swichi. Akabonyeza mara tatu.

Ploti nzima iliruka. Mbwa wakabweka, sufuria ikaanguka mahali, mlango wa Akoth ukafunguka kwa kishindo.

"Mzee Kaleli! Ni nini hiyo? Unaita nani saa hizi?"

Kaleli alikuwa bado ameweka kidole gumba kwenye kitufe.

"Siiti mtu," alisema. "Niliitwa. Niliitwa asubuhi."